Shamba la Pembe Tatu

Fyuuu.

Kisha kimya kidogo, kisha mlio wa koo linalomeza. Miaka kumi na moja imepita tangu siku ile. Nthenya wa Ndolo ana kiduka chake pale Kasikeu, anauza chumvi, sabuni na daftari za watoto. Hata hivyo mteja akifyonza chai mlangoni namna ile, yeye huacha anachokifanya na kwenda nyuma ya nyumba kutema mate. Watu hudhani ana tumbo baya. Tumbo lake halina neno. Ni Mzee Kivuva anayemjia, mwenyekiti wa bodi ya shule, Septemba ya mwaka 1983, akifyonza chai iliyopikwa kwa maziwa ya wanafunzi, utando wa maziwa umemning'inia kwenye masharubu, huku akiamua kwamba mwanamke aliyefundisha hisabati miaka tisa haijui hisabati.

Ni kweli kwamba Nthenya hakuwa na cheti. Alimaliza darasa la nane mwaka wa sitini na moja, akafaulu, na barua ya kumwita sekondari ikafika wiki ileile ndege zilipokuwa zikidondosha magunia ya mahindi kwa sababu ya njaa. Ndolo, baba yake, aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaichomeka kwenye nyasi za paa. "Tutaiteremsha mvua ikinyesha," alisema. Mvua iliponyesha ilikuwa mafuriko, na paa lilivuja kwanza mahali pale.

Akaenda Sultan Hamud kupima nguo kwenye duka la Mhindi mmoja. Alikaa pale hadi mwaka wa sitini na nane, Mhindi alipofunga duka na kuhamia Uingereza na jamaa yake yote. Walichukua cherehani, wakaacha sanduku la vitabu vya watoto. Ndani mlikuwa na vitabu vitatu vya hisabati ya sekondari, vizuri kabisa isipokuwa nyuma, kwenye kurasa za majibu. Huko mchwa walikuwa wamepita. Walikuwa wameacha maswali na kula majibu.

Hapo ndipo Nthenya alipopata tabia iliyomfanya awe vile alivyokuwa. Hakuwa na wa kumuuliza, wala ukurasa wa kuchungulia. Basi kila swali alilifanya mara mbili, kwa njia mbili zisizofanana, na njia hizo zikikutana kwenye nambari moja alijua amefika. Zisipokutana alianza upya. Alifanya hivyo miaka sita, mkononi mwiko wa ugali, mgongoni mtoto wake Ndila, mume akiwa bandarini Mombasa akirudi Krismasi kwa Krismasi. Alivimaliza vitabu vyote vitatu. Mafundi waliojenga josho la ng'ombe walikuja kumwomba awakadirie mawe na saruji, na hesabu yake haikupata kuacha hata karai moja la kokoto.

Mwaka wa sabini na nne wazazi walijenga shule ya harambee juu ya kilima nyuma ya soko. Mwalimu wa hisabati alikaa mwezi mmoja, akatoroka. Mwalimu mkuu, Mwangangi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akashuka sokoni kumtafuta mwanamke anayepiga hesabu za mafundi.

"Tushikie darasa wiki mbili tu, Mwalimu," alimwambia. "Mwenyewe anakuja."

Mwenyewe hakuja. Wiki mbili zikawa miaka tisa. Watoto walimpa jina la Njia ya Pili, maana mtoto akileta jibu sahihi, Nthenya hakumwekea alama ya vema. Aliuliza, "Njia ya pili iko wapi?" Na mtoto alirudi kwenye dawati lake akinung'unika, akaitafuta. Walimchukia hadi mtihani ulipofika. Baada ya mtihani walimletea kuku.

Aibu iliingia kwa mlango wa jirani. Shule ya ng'ambo ya bonde iliweka ubao barabarani, ukapakwa rangi nyeupe, ukaandikwa jina la mwalimu wao mpya na herufi za digrii yake nyuma ya jina, kubwa kuliko jina lenyewe. Mzee Kivuva alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Alipita pale kila Jumanne na mifugo yake, na kila Jumanne alipita polepole zaidi. Mwishowe akaita bodi.

"Wao wana digrii," akasema. "Sisi tuna nini? Tuna mama!"

Ndipo Alhamisi moja mchana Mwangangi alipomkuta Nthenya darasani peke yake, akisahihisha. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima kitu.

"Mwalimu, nina kazi ndogo. Bodi inataka utunge maswali matano. Ya fomu foo. Na majibu yake, kwenye karatasi nyingine."

"Ya watoto?"

"Ya watu wanaokuja Jumanne kuomba kazi."

"Kazi gani?"

Mwangangi akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Ya hisabati."

Nthenya akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo nitunge mtihani wa kumchagua mtu wa kunifukuza."

"Aiya, usiseme hivyo. Hakuna mwingine wa kutunga. Mimi ni mtu wa historia. Kivuva anajua kuhesabu kwato."

"Basi na mimi niufanye huo mtihani. Nikishindwa, niondoke."

"Utafanyaje mtihani uliotunga mwenyewe?" Mwangangi alicheka kidogo, kwa huzuni. "Watasema ni wizi."

Aliondoka. Nthenya akakaa na karatasi tupu. Ingekuwa uongo kusema hakujaribiwa. Angeweza kuandika maswali ya kumtoa jasho profesa. Vitabu vya Mhindi vilikuwa nayo. Ila alimkumbuka mtu atakayeketi pale Jumanne, na koti lake la kuazima, akajionea haya. Akaandika maswali manne ya haki, yale ambayo mwanafunzi wake wa wastani angeyamaliza kabla ya kengele. La tano akalifikiria hadi jua likashuka dirishani. Akaandika:

*Shamba la pembe tatu lina pande za mita 30, mita 40 na mita 80. Tafuta ukubwa wake.*

Shamba hilo halipo. Mtu yeyote aliyewahi kupanda mkonge mpakani ataliona akikaa kimya kidogo: ukiulaza chini upande wa themanini, ule wa thelathini na ule wa arubaini hazifikiani, maana zote mbili ni sabini tu. Nthenya hakutaka kumtega mtu. Alitaka kujua kitu kimoja. Atakayeikimbilia kanuni bila kulitazama shamba atawafundisha watoto kukimbia bila kutazama. Na kidato cha nne kilikuwa kimebakiza wiki saba kabla ya mtihani wa taifa. Walikuwa watoto thelathini na mmoja aliowalea tangu kidato cha kwanza. Hao ndio aliotaka kubaki nao. Mambo mengine, hata kuitwa Mwalimu, angeyaachilia.

Jumanne walikuja watatu. Wa kwanza alisoma swali la kwanza, akaomba kwenda haja, akaenda na baiskeli yake. Wa pili alijibu mawili, akalala. Wa tatu aliitwa Kiema, kijana wa upande wa Zombe, miaka ishirini na sita, mwenye digrii ya mambo ya misitu. Aliibeba ndani ya mfuko wa plastiki, na plastiki ile ilikuwa imelowa jasho la kwapa. Miaka miwili alikuwa akizunguka nayo akitafuta kazi. Alifanya manne yote bila kosa. La tano akaliandikia: *mita za mraba 768.5*. Akapiga mstari chini yake, kisha mstari wa pili.

Nthenya alipeleka karatasi ofisini, ambako bodi ilikuwa imeketi na birika la chai na mkate uliopakwa majarini.

"Huyu amepata ngapi?" Mzee Kivuva aliuliza.

"Manne kati ya matano, Mzee. Ni kijana mzuri. Mpeni kidato cha kwanza na cha pili. Mimi niachieni cha nne hadi wamalize mtihani."

"Na la tano?"

"La tano halina jibu. Nililitunga hivyo makusudi."

Fyuuu. Koo likameza.

"Halina jibu," Mzee Kivuva akasema, akiwatazama wenzake mmoja mmoja. "Na hii hapa, aliyoipigia mistari miwili, ni nini?"

"Ni mia saba sitini na nane na nusu."

"Ni jibu, au ni mahindi?"

Wakacheka. Mmoja alicheka hadi mkate ukamtoka mdomoni, ukaanguka juu ya karatasi ya mtihani, akauokota akaula.

"Nisikilizeni vizuri," Mzee Kivuva akaendelea, sasa kwa sauti ya kuhubiri, kwani alikuwa mzee wa kanisa pia. "Huyu mama anatuambia swali halina jibu. Kijana wa digrii amekuja, ameketi nusu saa, ametoa jibu. Sasa nani amesoma hapa? Mimi ng'ombe wangu akipotea, mchungaji mmoja aniambie hakuna ng'ombe, na mwingine aniletee ng'ombe kwa kamba, nitamwajiri nani?"

"Lakini Mzee, hakuna ng'ombe!" Nthenya alisema. "Tokeni nje niwaonyeshe."

Walitoka na vikombe vyao. Nthenya alikuwa na kamba za mkonge alizofundishia, zenye fundo kila hatua. Akapigilia vigingi viwili ardhini, hatua nane kutoka kimoja hadi kingine, kila hatua mita kumi za lile shamba. Kwenye kigingi hiki akafunga kamba ya hatua tatu, kwenye kile kamba ya hatua nne. Akazivuta kamba hizo mbili zielekeane. Zilikaza. Katikati likabaki pengo la hatua nzima. Mbuzi wa shule, aliyekuwa akitafuna maganda ya mbaazi, akapita pale kwenye pengo bila kugusa upande wowote.

"Mnaona?" Nthenya alisema. Alikuwa amepiga magoti mavumbini, ncha za kamba mikononi. "Hazikutani. Halipo shamba la namna hii."

Muthoki, aliyewakilisha akina mama wa kanisa, akainama akatazama. "Lakini ni kweli, Mzee. Hazikutani."

"Muthoki, wewe ulisoma wapi?"

Muthoki akajifunga leso yake upya.

Mzee Kivuva akaigusa kamba kwa ncha ya kiatu. "Kamba zako ni fupi," akatangaza. "Leta kamba ndefu, zitakutana. Na shamba la pembe tatu lipo, mimi mwenyewe ninalo kule Kiboko, nimelilima mwaka huu."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Nthenya alimtazama Mwangangi. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake, kwa makini, kama mtu aliyedondosha kitu humo. Aliliona pengo, miwani yake ilikuwa imeelekea palepale. Akakoroga chai isiyo na sukari.

"Mwiteni kijana," Mzee Kivuva akasema.

Kiema akaja, plastiki yake kifuani. Alizitazama kamba. Alimtazama mwanamke aliyepiga magoti, kisha birika, kisha wazee.

"Kijana, huyu mama anasema swali lake halina jibu. Wewe mwenye digrii unasemaje?"

Kulikuwa na muda, si mrefu, wa kuvuta pumzi moja. Nthenya aliuona ukipita usoni mwa kijana.

"Linalo, Mzee," Kiema akasema.

Mambo yakaisha hapo. Bodi ilirudi kwenye mkate. Nthenya akazikunja kamba zake, na Mzee Kivuva akampungia mkono kutoka mlangoni. "Mama Ndila, utabaki kumsaidia kijana kusahihisha, na kuangalia mambo ya wasichana." Miaka tisa alikuwa amemwita Mwalimu. Tangu saa ile hakulitamka tena jina hilo.

Kiema alimfuata kesho yake kwenye stoo ya majembe, ambako walikuwa wamempa meza.

"Mwalimu, naomba unisamehe."

"Kwa nini? Umepata jibu."

"Niliiona." Aliongea haraka, akitazama nyuma. "Nilipoingiza nambari kwenye kanuni, ilitoka alama ya kutoa ndani ya kipeuo. Nilijua shamba halifungi. Niliiruka ile alama."

Nthenya alihisi kitu kikimpanda kooni, kichungu, kama amemeza nyongo ya kuku. Kutojua angekusamehe. Kutojua alikuwa amepigana nako miaka tisa ubaoni, na alikuwa akikupenda kidogo, kwa jinsi kunavyokubali kuondoka.

"Uliiona, na ukaiacha."

"Mwalimu, nimefanya mahojiano kumi na saba. Ningeandika *halina jibu*, yule mzee angesema kijana hajui. Wanataka jibu. Hata liwe la namna gani." Akashusha sauti. "Ndilo jambo nililojifunza kule. Misitu nimeisahau."

"Na jana uliponikuta nimepiga magoti?"

 Kiema akaleta neno lililomleta: hawezi kidato cha nne. Alikuwa ameingia asubuhi, akafanya swali ubaoni, na msichana wa dawati la mbele akamuuliza njia ya pili iko wapi, darasa zima likamngoja. "Fundisha wewe, Mwalimu. Bodi haiji madarasani. Mimi nitaandika jina langu kwenye ratiba. Ni kwa ajili ya watoto."

Ni kwa ajili ya watoto. Nthenya amelipima neno hilo miaka kumi na moja, na hajapata njia ya pili ya kulithibitisha. Alikubali. Aliwafundisha wale thelathini na mmoja kwa wiki saba, asubuhi na mchana, huku Kiema akiketi nyuma ya darasa akinakili kama mwanafunzi wa thelathini na mbili. Januari ilipofika, akaingiza kidato cha nne kipya kwa mpango uleule. Ratiba ilisema Kiema. Mgeni alipoonekana kilimani, Kiema alinyanyuka na kushika chaki, na Nthenya akashika ufagio. Walizoea hata hawakuhitaji kuambiana. Jioni alipooga alijisugua mikono kwa muda mrefu, na chaki ilikuwa imekwisha kutoka zamani.

Machi matokeo yakaja. Hisabati iliipeleka shule mbele ya tarafa nzima, mbele ya ile ya ng'ambo ya bonde na ubao wake. Watoto ishirini na wanne walikuwa wamefaulu vizuri. Mbuzi yuleyule wa shule akachinjwa. Wazazi wakaja na viti vya kanisani, ikawa sherehe.

Nthenya aliketi jikoni na akina mama, kwani ndiko alikopewa kiti. Kutoka kule aliliona jukwaa lote. Mzee Kivuva alisimama, mafuta ya nyama yaking'aa kidevuni.

"Mliniuliza digrii ni ya nini!" alipiga kelele. "Haya, leo mmeiona! Miaka tisa tulikuwa gizani na mama wa sokoni. Kijana ameingia wiki saba, wiki saba tu, tazameni!"

Wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Kiema akavishwa shada la karatasi za kumetameta, nyekundu na dhahabu, akainama mara moja, akainama mara ya pili. Mwangangi alipiga makofi pia, taratibu, miwani mkononi. Watoto waliofaulu walikuwa wamepangwa mstari mmoja mbele ya jukwaa, na yule msichana wa dawati la mbele alikuwa akigeuza shingo huku na huku akitafuta mtu. Akamwona Nthenya kati ya sufuria. Mtoto alianza kunyanyua mkono kama wa kuuliza swali darasani. Nthenya akatikisa kichwa, mtoto akaushusha.

Hapo ndipo kichefuchefu kilipomshika barabara. Kidevu cha Kivuva alikuwa amekizoea, na shada la Kiema ni karatasi tu. Kilichomchefua ni kule kutikisa kichwa. Kwa mkono wake mwenyewe, miaka tisa, alikuwa amewafundisha watoto kwamba jibu usiloweza kulithibitisha si jibu; na leo, kwa kichwa chake mwenyewe, alikuwa amemwambia mtoto alipokee la uongo na kunyamaza. Alisukuma sahani yake. Muthoki aliyekaa karibu akamuuliza kama nyama ina kasoro, naye akasema nyama ni nzuri.

Watu walipoanza kuteremka kilimani, Kiema alikuja jikoni akiwa bado na shada shingoni. Alikuwa amebeba boksi la chaki mpya na ratiba ya muhula, jina lake juu kwa wino, na chini yake, kwa penseli hafifu ya kufutika, herufi N.

"Mwalimu," alisema, akijaribu kutabasamu, "yule mzee anapenda kelele, usimsikilize. Wewe na mimi tunajua." Aliweka boksi la chaki mezani, kati ya mifupa. "Fomu foo wanangoja. Kesho tuanze na nini?"

Nthenya alinawa mikono kwenye karai. Alinawa hadi kwenye viwiko, akajifuta kwa leso, kidole kimoja kimoja. Kisha akalisukuma boksi la chaki likarudi upande wa kijana. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo hata Kiema alilazimika kuinama, karatasi za shada zikichakarisha.

"Kesho fundisha wewe."